Daftari la Norway na Zafarani ya Lindi

Sisi tuliokulia Pemba tuliujua mlio wa jenereta kabla ya kuujua mlio wa redio. Kituo cha Wesha, nje kidogo ya Chake Chake, kilichoma dizeli ili kisiwa kipate umeme wa kubahatisha. Dizeli ilipochelewa, koroboi zilitolewa uvunguni, na asubuhi tuliamka na masizi puani. Mwaka 2010 ukalazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga hadi Wesha, Pemba ikaingia kwenye gridi ya taifa. Usiku wa kwanza mama yangu alitoka akaketi barazani, hafanyi kitu, anasikiliza tu. "Leo hata jenereta limelala," akasema, kisha akanyamaza muda mrefu.

Sehemu kubwa ya fedha za waya ule ilitoka Norway. Na Norway ni nchi ambayo karibu robo ya bajeti ya serikali yake huchotwa kwenye mfuko uliojazwa na mauzo ya mafuta na gesi. Ukiufuata mkondo wa fedha hadi chemchemi yake, dizeli ya Wesha ilizimwa na mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Nimefanya kazi ya uchambuzi wa nishati kwa miaka mingi sasa, na kila ninapoketi kuandika juu ya Wanorway, waya ule hunirudia. Ninayoyaandika leo nayaandika kwa shukrani, lakini shukrani haizuii mtu kusoma hesabu.

Nyumbani kwao wamefanya mambo ambayo nchi nyingine zinayatamani tu. Umeme wao karibu wote ni wa maji na upepo, na maji ndiyo yenye fungu kubwa: mito inayoporomoka kutoka milimani ilianza kuzungusha mitambo yao miongo mingi kabla tone la kwanza la mafuta halijaonekana. Katika kila magari mapya 10 yaliyouzwa mwaka 2024, karibu 9 yalikuwa ya umeme mtupu. Septemba ya mwaka huohuo magari ya umeme yaliyosajiliwa yakayapita ya petroli kwa idadi, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Hilo halikuja kwa mahubiri. Tangu 1990 gari la umeme lilianza kusamehewa kodi za usajili, baadaye likasamehewa ada za barabara, na mwaka 2001 likaondolewa VAT, hadi mzazi wa kawaida akienda kununua gari anakuta la umeme ndilo nafuu. Kodi ya hewa ukaa waliianzisha 1991, wakati katika nchi nyingi neno tabianchi lilikuwa halijatoka midomoni mwa wanasayansi.

Serikali inayosamehe kodi kwa mabilioni ya krone mwaka baada ya mwaka lazima iwe na pengine pa kuchota. Norway inapo.

Habari ya utajiri huo naipenda, kwa sababu ndani yake yumo mgeni. Mwaka 1968 mjiolojia mmoja kutoka Basra, Farouk al-Kasim, aliacha kazi nzuri kwenye sekta ya mafuta ya Iraq akahamia kwao mkewe, Norway, kwa ajili ya matibabu ya mtoto wao mgonjwa. Alifika Oslo akiwa na saa kadhaa za kusubiri treni, akaona azitumie kwenda wizara ya viwanda kuuliza kama kuna kazi. Wizara ilikuwa na watumishi wa kuhesabika kwa vidole walioelewa mafuta, na mezani kulikuwa na taarifa za visima ambazo hakuna aliyekuwa na muda wa kuzisoma. Wakampa. Mwishoni mwa 1969 kampuni ya Phillips ikathibitisha kwamba Ekofisk, kwenye Bahari ya Kaskazini, ni kisima cha kweli, na mwaka 1972 bunge likaunda shirika la taifa la mafuta, Statoil, katika mfumo ambao al-Kasim alikuwa na mkono wake. Kuanzia hapo hawakulegeza kamba. Faida ya kampuni za mafuta hutozwa kodi ya asilimia 78. Mwaka 1990 walitunga sheria ya mfuko, na 1996 wakaweka fedha za kwanza. Kufika mwisho wa 2024 mfuko ulikuwa na karibu krone trilioni 20, nchi ikiwa na watu milioni 5.6. Ukigawa, kila Mnorway, hata aliyezaliwa jana, ana zaidi ya dola 300,000 asizoziona. Mfuko huo peke yake unamiliki takriban asilimia 1.5 ya hisa zote zinazouzwa kwenye masoko ya hisa duniani.

Nimesoma mikataba ya mafuta ya nchi nyingi. Kwa kulinda mali ya umma, sijaona waliowapita hawa. Ndiyo maana mgongano uliopo katikati ya sera zao unastahili kuangaliwa kwa makini, maana haukuzaliwa na uzembe wala rushwa. Umezaliwa na watu makini wanaotunza daftari vizuri.

Na daftari ndilo lenye tatizo. Chini ya utaratibu wa Umoja wa Mataifa, kila nchi huhesabu gesijoto zinazotoka ndani ya mipaka yake. Mafuta ya Norway yakichomwa kwenye malori ya Uholanzi, moshi unaandikwa kwa Mholanzi. Gesi yake ikipasha joto nyumba ya Hamburg, inaandikwa kwa Mjerumani. Fedha, hata hivyo, zimeshaingia Oslo. Norway ndani ya mipaka yake hutoa chini ya tani milioni 50 za gesijoto kwa mwaka. Mafuta na gesi iliyowauzia wengine, vikishachomwa huko vilikokwenda, hutoa karibu mara kumi ya hizo. Safu ya kwanza ya daftari ndiyo inayosomwa kwenye mikutano ya tabianchi. Ya pili haina mwenyewe.

Ukishazielewa safu hizo mbili, sera za kijani za Norway zinasomeka vingine kabisa. Uchimbaji wa mafuta na gesi ndicho chanzo kikubwa cha gesijoto zao za ndani, takriban robo, kwa sababu majukwaa ya baharini huchoma gesi ili yapate umeme wa kuendeshea pampu na kompresa. Nchi imeahidi kupunguza gesijoto zake kwa asilimia 55 kufikia 2030 ukilinganisha na 1990. Njia iliyo wazi kwa mhandisi ni kuvuta nyaya kutoka nchi kavu, zipeleke umeme wa maji hadi kwenye jukwaa, mitambo ya gesi izimwe. Johan Sverdrup, kitalu kilichoanza kutoa mafuta Oktoba 2019, kinaendeshwa hivyo. Shirika la taifa, ambalo tangu 2018 linaitwa Equinor, hujivunia kwamba kila pipa linalotoka pale huzalisha chini ya kilo moja ya hewa ukaa. Ni kweli, na ni ufundi mkubwa. Lakini pipa lilelile likichomwa hutoa takriban kilo 400. Ni sawa na mfanyabiashara wa mkaa anayekuonesha kwamba lori lake halitoi moshi.

Mfano ulio bora zaidi uko Melkøya, kisiwa kidogo kando ya mji wa Hammerfest, kaskazini kabisa, ambako jua la Desemba halichomozi. Gesi ya Snøhvit hufika hapo kwa bomba la kilomita zaidi ya 140 chini ya bahari, ikapozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri iwe kimiminika, ikapakiwa melini. Kupoza gesi kunataka nguvu nyingi, na nguvu hiyo hupatikana kwa kuchoma sehemu ya gesi yenyewe. Agosti 2023 serikali iliidhinisha mpango wa kuleta umeme wa gridi kisiwani, ili kuondoa takriban tani 850,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Zikiondoka, Norway itakuwa imepiga hatua kubwa kuelekea ahadi yake.

Sasa ifuate ile gesi ambayo haitachomwa tena Melkøya. Haiachwi ardhini. Inaingia melini pamoja na nyingine, inauzwa, inakwenda kuchomwa kwenye boila ya mtu mwingine, na hewa ukaa yake inapanda angani ileile. Daftari la Oslo limesafishika kwa tani 850,000, akaunti imeongezeka, na anga limebaki na mzigo karibu uleule. Najua hoja ya kujibu: gesi hiyo huenda ikachukua nafasi ya makaa ya mawe huko iendako. Huenda. Inaweza vilevile ikachukua nafasi ya upepo wa Ujerumani, au ikaongeza matumizi tu. Jambo lisilo na "huenda" ni kwamba umeme safi wa maji, rasilimali adimu, utatumika kuipatia meli gesi zaidi.

Umeme huo nao lazima utoke mahali. Mkoa wa Finnmark ni nchi ya Wasami, wenyeji wa kaskazini ambao baadhi yao wangali wakiishi kwa kufuga wale kulungu wa nchi za baridi. Nyaya mpya na mitambo ya upepo hupita malishoni. Walishaonja hayo kusini zaidi, rasi ya Fosen, palipojengwa mitambo 151 ya upepo. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba leseni za mitambo ile zilivunja haki ya wafugaji kuishi kwa utamaduni wao. Mitambo ikaendelea kuzunguka. Februari 2023, siku 500 baada ya hukumu, vijana wa Kisami walikwenda kukaa sakafuni wizarani Oslo, wamevaa mavazi yao ya jadi, hadi polisi wakawabeba kuwatoa. Makubaliano yalikuja baadaye, mitambo ikiwa imesimama palepale. Msomaji wa Ngorongoro au wa Turkana hahitaji nimweleze zaidi.

Watoto wa nchi wameusema mgongano huu mahakamani. Ibara ya 112 ya katiba yao inawapa raia haki ya mazingira yenye afya, wa leo na wa vizazi vijavyo. Desemba 2020 Mahakama ya Juu ilikataa kufuta leseni za kutafuta mafuta katika Bahari ya Barents. Januari 2024 mahakama ya wilaya ya Oslo ikasema vibali vya vitalu vitatu ni batili, kwa kuwa serikali haikupima madhara ya mafuta yale yatakapochomwa. Oktoba 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaona Norway haikuvunja haki, lakini ikatamka wazi kwamba kabla ya kuruhusu uchimbaji ni lazima moshi wa mwisho wa safari nao upimwe. Kwangu mimi hilo ndilo la kushika. Mahakama imeanza kuisoma safu ya pili ya daftari.

Upande wa pili una hoja, na sipendi kuzipita kana kwamba hazipo. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 na kubana gesi, Norway ndiyo iliyogeuka msambazaji mkuu wa gesi wa Umoja wa Ulaya. Bila mabomba yake, wazee wangekufa kwa baridi na viwanda vingefungwa. Kwa mwaka ule mmoja hazina ya Norway iliingiza zaidi ya krone trilioni 1 kutokana na mafuta na gesi. Wanasema pia kwamba wao wakiacha, pipa litachimbwa na mwingine asiyejali, na kwamba kazi ya serikali ni kuiendeleza sekta, si kuivunja.

Hoja ya gesi ya 2022 naikubali. Inahusu visima vilivyokuwapo, na hakuna mwenye akili aliyetaka vizimwe siku hiyo. Haithibitishi hata kidogo haja ya kutafuta visima vipya, maana kitalu kinachopewa leseni leo huchukua miaka 10 au 15 hadi kitoe, wakati ambao Ulaya imeahidi iwe imeshaachana na sehemu kubwa ya gesi. Hoja ya pipa la mwingine ni nzito zaidi, na jibu langu kwake ni swali: mwingine ni nani?

Desemba 2023, kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai, Norway ilijiunga na nchi zilizoahidi kuacha kutumia fedha za umma kugharimia miradi ya mafuta, gesi na makaa ya mawe nje ya mipaka yao, isipokuwa katika hali chache. Wiki chache baadaye, Januari 2024, serikali hiyohiyo ikatoa leseni 62 za kutafuta mafuta na gesi ndani ya bahari yake. Januari 2025 ikatoa nyingine 53. Wahenga wetu walikwishaliona: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nje ya mipaka yao maana yake, pamoja na pengine pote, ni Lindi. Kuanzia 2012 shirika lao la taifa, wakati huo likiitwa Statoil, lilipata gesi kwenye Kitalu namba 2, kilomita kama 100 kutoka pwani, kwenye kina cha maji cha mita zaidi ya 2,000. Visima vikapewa majina ya jikoni kwetu: Zafarani, Lavani, Tangawizi, Mronge, Piri, Giligiliani. Gesi iliyomo inakadiriwa kuzidi futi za ujazo trilioni 20. Mpango ni kuipeleka Likong'o, karibu na mji wa Lindi, isindikwe kuwa kimiminika kama Melkøya, iuzwe Asia. Mazungumzo yamepanda na kushuka pamoja na awamu za uongozi. Mapema 2021 Equinor ilifuta vitabuni karibu dola bilioni moja za thamani ya mradi huo. Mwaka 2022 mkataba wa awali ukasainiwa. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza haujafanyika.

Tutazame kwa utulivu sura ya nchi tunayoijenga. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, sasa linawasha taa zetu kwa maji. Gesi ya bahari kuu itakwenda nje. Magari ya umeme na majiko ya umeme yataanza mijini, na tutapongezwa kwenye mikutano, huku meli za Lindi zikibeba moshi wetu kwenda kuandikwa kwenye madaftari ya wengine. Ni Norway nyingine, imepunguziwa mfuko. Nchi ambayo kaya nyingi bado zinapikia kuni na mkaa haiwezi kulinganishwa na nchi yenye dola 300,000 kwa kila kichanga, ila muundo wa mgongano ni uleule. Afadhali tuuone kabla haujatuingia mwilini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama bado kuna pipa na futi ya gesi inayoweza kuchomwa bila dunia kuvuka mpaka wa joto iliyojiwekea, na wanasayansi wanasema nafasi hiyo ni finyu sana, basi wa kwanza kuacha kutafuta vipya awe yule ambaye kisima kimeshamlipa. Zaidi ya nusu ya thamani ya mfuko wa Norway leo haikutoka moja kwa moja kwenye mafuta. Imetokana na faida ya hisa na hatifungani. Sheria yao ya matumizi inaruhusu kuchota asilimia 3 kwa mwaka. Asilimia 3 ya krone trilioni 20 ni krone bilioni 600, mwaka hadi mwaka, hata kama hawatatoboa tena shimo hata moja. Denmark, jirani yao wa kusini, iliacha kutoa leseni mpya Desemba 2020 ikaweka 2050 kuwa mwisho wa uchimbaji. Denmark ilikuwa na kidogo cha kupoteza, nakubali. Norway ina kikubwa, lakini pia ni nchi iliyojiandaa kukipoteza kwa miaka 30. Mfuko uliundwa kwa ajili ya siku mafuta yatakapokwisha. Hakuna palipoandikwa kwamba lazima yaishe ardhini ndipo siku hiyo ifike.

Na sisi tusijidanganye kwamba haki yetu ya kuchimba ni hundi iliyokwisha sainiwa. Mradi wa Lindi utahitaji makumi ya mabilioni ya dola, na gesi yake itaingia sokoni katikati ya miaka ya 2030, pamoja na ya Qatar, ya Marekani, na ya hao hao Wanorway ambao leseni zao mpya zitakuwa ndiyo kwanza zinazaa. Kila kisima kipya kwenye Bahari ya Barents kinashindana na Zafarani kwa mnunuzi yuleyule na kwa nafasi ileile angani. Hili sijawahi kuliona kwenye hotuba ya mjumbe yeyote wa Afrika Mashariki kwenye mkutano wa tabianchi. Tunadai fedha za kukabiliana na ukame na mafuriko, na tuna haki. Tunasahau kudai kwamba walioshiba wasimamishe utafutaji.

Lingeweza kudaiwa Lindi kwenyewe, kwa sababu anayeketi upande wa pili wa meza ni shirika ambalo serikali ya Norway inamiliki asilimia 67 ya hisa zake. Mwenye shirika ndiye mtoa leseni wa Barents. Ndiye aliyetoa ahadi ya Dubai. Ndiye aliyelipia waya wa Pemba. Mara nyingi tunaongea naye kama watu wanne tofauti, kila mmoja na wizara yake na vikao vyake, na yeye hutujibu vivyo hivyo.

Likong'o, wakazi waliotakiwa kupisha mradi walisubiri fidia kwa miaka, wengine wakiwa na minazi na mikorosho wasiyojua waipalilie au waiache. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka Zafarani ilipogunduliwa sasa ni wa kidato cha kwanza au cha pili. Mama yake bado anapikia kuni.